Nani anachora mstari kwenye kipimo cha choo?

Tuchukue mtu mmoja wa miaka 62, hana dalili yoyote, na sampuli ya choo chake imepimwa kutafuta saratani ya utumbo mpana, ikakutwa na maikrogramu 60 za hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, katika kila gramu. Akiwa anaishi Leicester, barua itakayomfikia nyumbani itamwambia hakuna uchunguzi zaidi unaohitajika kwa sasa, na kwamba ataletewa kifaa kingine baada ya miaka miwili. Akiwa Glasgow, jibu ni hilo hilo. Akiwa Rotterdam, anaitwa akaingiziwe kamera kwenye utumbo mpana. Lyon nako anaitwa. Na huko Chicago daktari wake angeshangaa kusikia kwamba kuna mahali mtu wa namna hiyo anaachwa aende zake.

Choo ni kile kile, damu ni ile ile, na mashine za kupimia zinafanana. Kinachotofautiana ni mstari. England ilipoanza kutumia kipimo hiki mwaka 2019 iliuchora kwenye 120. Scotland, iliyotangulia Novemba 2017, iliuchora kwenye 80. Uholanzi wako kwenye 47, Ufaransa 30, na Marekani mstari uliozoeleka ni 20. Ukiwa chini ya mstari majibu yako ni hasi, ukiufikia au kuupita ni chanya.

Ndiyo maana swali la kama kipimo cha choo cha saratani ya utumbo mpana kinaaminika, ambalo huulizwa kila maabara inapotoa tangazo la ofa, naliona ni swali pungufu. Uaminifu wake haukai ndani ya kichupa cha sampuli. Unakaa kwenye mstari ambao watu fulani waliuchora ofisini, na kwenye foleni ya kamera iliyowafanya wauchore hapo na si kwingine.

Tuone kwanza kinachopimwa. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipi, na safari yake hadi kugeuka saratani mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi. Kinyama kikishakuwa kikubwa, au kikishageuka, huvuja damu kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ukipiga hesabu, maikrogramu 120 za hemoglobini ni chini ya maikrolita moja ya damu. Tone linalotoka kwenye kidole ukichomwa sindano ya malaria lina maikrolita kama 50. Mtu anayetoa gramu 150 za choo kwa siku, akiwa sawasawa na mstari huo wa England wa 2019, amepoteza matone mawili matatu kwa siku nzima, yakachanganyika humo. Na kijiti cha kuchukulia sampuli hakichoti zaidi ya miligramu kama 10, kinazitumbukiza kwenye mililita mbili za maji ya kuhifadhia, basi. Damu yenyewe haivuji kila siku, na siku ikivuja haisambai sawasawa kwenye choo. Kwamba kijiti kile kinafanikiwa kukamata chochote ni jambo la kustaajabisha, na sisemi hivyo kwa dhihaka.

Kabla ya vichupa kulikuwa na kadi. Ilipakwa utomvu wa mti uitwao guaiac, unaoota visiwa vya Karibea. Unapaka choo kwenye kadi, maabara inadondosha haidrojeni peroksaidi, ikigeuka bluu wanasema kuna damu. Kadi hiyo haikujua damu ya mtu na damu ya ng'ombe. Aliyekula nyama nyekundu siku mbili tatu kabla ya kupima aliweza kuitwa hospitali bure, na aliyekunywa vidonge vingi vya vitamini C aliweza kupita huku anavuja. England walitaka sampuli sita kutoka kwenye choo cha mara tatu tofauti, na si watu wote walikuwa tayari kukaa na kadi hiyo bafuni wiki nzima.

Hata hivyo ushahidi wa kwanza mzito kwamba kupima choo kunaokoa maisha ulitoka kwenye kadi hizo hizo. Jimbo la Minnesota, Marekani, watafiti waliandikisha watu 46,551 kuanzia mwaka 1975. Matokeo yalipochapishwa 1993, waliopimwa kila mwaka walikuwa na vifo vya saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 33 katika miaka 13. Nottingham, ambako zaidi ya watu 150,000 waligawanywa makundi mawili na kundi moja likapimwa kila baada ya miaka miwili, vifo vilipungua kwa asilimia 15. Funen, Denmark, asilimia 18.

Kwa nini Minnesota iliwazidi wenzake kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni kupima kila mwaka badala ya kila miaka miwili. Sehemu nyingine ni tone la maji. Watafiti wa Minnesota walianza kudondoshea maji kadi zilizokauka kabla ya kuzipima, ili zisipoteze makali. Kwa hatua hiyo ndogo, kadi zilizosoma chanya ziliruka kutoka asilimia 2.4 hadi 9.8. Uwezo wa kukamata saratani ulipanda kutoka asilimia 80.8 hadi 92.2. Lakini katika kila watu 100 walioitwa, waliokutwa kweli na saratani walishuka kutoka watano au sita hadi wawili. Kufika mwisho wa utafiti, asilimia 38 ya kundi lililopimwa kila mwaka walikuwa wameingiziwa kamera angalau mara moja. Wakosoaji wakapiga hesabu wakasema kati ya theluthi na nusu ya faida ile huenda haikutokana na ujanja wa kadi. Ilitokana na kuwapeleka watu wengi kwenye kamera, ambako vinyama visivyovuja kabisa vilikutwa kwa bahati. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Minnesota baadhi ya wasiokuwamo ndio waliopona.

Hakuna aliyebadilisha mti wala karatasi. Ni mstari uliosogea, kwa tone la maji, na kila namba iliyofuata ikasogea nao.

Kipimo cha sasa hutumia kingamwili inayotambua hemoglobini ya binadamu peke yake. Nyama choma haikidanganyi. Damu ya kidonda cha tumbo nayo kwa kawaida haikifikii, kwa sababu humeng'enywa njiani kabla ya kufika utumbo mpana, kwa hiyo kinachosomwa mara nyingi kimetoka huku chini kunakotafutwa. Sampuli ni moja. Na mashine inatoa namba, si rangi ya bluu inayosubiri jicho la mtaalamu. England walipokijaribu sambamba na kadi, walioitikia walipanda kutoka asilimia 59.3 hadi 66.4. Miongoni mwa waliokuwa wamepuuza mialiko ya nyuma, idadi ilikaribia mara mbili, kutoka asilimia 12.5 hadi 23.9. Mimi naihesabu hiyo kama sehemu ya usahihi wa kipimo, ingawa vitabu vya takwimu haviihesabu. Kifaa kinachobaki juu ya friji kina uwezo wa kukamata saratani wa asilimia sifuri.

Hispania wamelithibitisha hilo kwa namna ya kuvutia. Utafiti uliotolewa mwaka 2025, wa watu zaidi ya 57,000, uliwaalika wengine kwenye kamera ya mara moja na wengine kwenye kipimo cha choo kila miaka miwili. Kamera huona kila kitu, au karibu kila kitu. Baada ya miaka kumi, vifo vya saratani ya utumbo mpana katika makundi yale mawili vilikuwa karibu sawa, kwa sababu walioitikia mwaliko wa choo walikuwa wengi zaidi.

Sasa namba zenyewe za usahihi. Utafiti ninaoupenda kwa kuufundishia jambo hili ni wa Marekani, uliochapishwa 2014. Watu 9,989 wasio na dalili walipimwa choo, kisha wote, wenye majibu chanya na hasi, wakaingiziwa kamera. Ni nadra kupata utafiti wa namna hiyo, maana kwa kawaida wenye majibu hasi huachwa, na hakuna anayejua nini kilipita bila kuonekana. Kamera zilikuta saratani kwa watu 65. Kipimo cha kingamwili kilikuwa kimewakamata 48 kati yao, kikawakosa 17.

Kumi na saba kati ya 65 ni zaidi ya robo, na mtu akikuambia hivyo utakitupa kifaa. Lakini majibu hasi yalikuwa 9,293. Saratani 17 humo ni mtu mmoja katika kila 550 hivi. Ukiambiwa hivyo utalala usingizi mzuri. Namba zote mbili ni za kweli, za utafiti ule ule, na matangazo huchagua ile inayouza. Maneno kama "usahihi wa zaidi ya asilimia 90" mara nyingi huwa yanahesabu watu wazima wa afya waliosomwa kuwa wazima, kazi ambayo hata karatasi tupu ingeifanya vizuri.

Upande wa chanya nao unahitaji utulivu. Watu 696 walisoma chanya. Kati yao 48 walikuwa na saratani, yaani kama mmoja katika kila 14 au 15. Wengine 180 hivi walikuwa na vinyama vikubwa au vyenye dalili za kugeuka, ambavyo kuvikata mapema ni kuizuia saratani isije. Kwa jumla theluthi moja ya walioitwa waliitwa kwa sababu ya maana. Anayepokea majibu chanya hajaambiwa ana saratani, na ni dhambi kwa mfanyakazi wa maabara kumwacha aondoke akidhani hivyo.

Katika utafiti huo huo kulikuwa na kipimo cha pili, kinachosoma damu pamoja na vipande vya vinasaba vilivyoharibika. Chenyewe kilikamata saratani 60 kati ya 65. Kinasikika kama mshindi wa wazi, hadi utazame idadi ya walioitwa: 1,611. Ili kupata saratani 12 zaidi, watu 915 zaidi walipaswa kuingiziwa kamera. Kwa nchi yenye kamera za kumwaga, pengine ni sawa. Toleo jipya la kipimo hicho, lililojaribiwa kwa watu zaidi ya 20,000 na kuchapishwa 2024, lilikamata asilimia 93.9 ya saratani dhidi ya 67.3 za kingamwili, na bado liliwaita wazima wengi zaidi. Biashara ni ile ile: unanunua saratani chache za ziada kwa kulipa foleni ndefu.

Foleni ndiyo iliyoiumbua Uholanzi, na naisema kwa heshima, kwa sababu wao walikuwa wawazi. Mpango wao wa taifa ulianza Januari 2014 na mstari wao ulikuwa chini sana, 15. Walikuwa wamekadiria asilimia 60 ya walioalikwa watarudisha vichupa; walirudisha asilimia 71. Walikadiria asilimia 6.4 watasoma chanya. Walisoma chanya asilimia 10.6. Zidisha moja kwa nyingine uone mzigo uliozitua hospitali ndani ya miezi michache. Zingeweza kuwasubirisha watu. Badala yake, katikati ya mwaka, mstari ulipandishwa kutoka 15 hadi 47.

Kilichofuata kinaeleza kila kitu. Walioitwa walipungua hadi asilimia 6.7. Miongoni mwa walioitwa, waliokutwa na saratani au kinyama cha hatari waliongezeka kutoka asilimia 42 hadi 49, kwa hiyo kwenye makaratasi mpango ulionekana umeboreka. Lakini katika kila washiriki 1,000, waliogunduliwa na jambo la hatari walishuka kutoka karibu 45 hadi 32 hivi. Tofauti hiyo ya watu 12 au 13 katika kila elfu haikuyeyuka. Walikuwepo, na vinyama vyao, na barua mkononi inayosema hakuna tatizo. Mtu aliyerudisha kichupa Machi aliitwa; jirani yake mwenye choo kile kile akirudisha Septemba hakuitwa. Hakuna aliyetengeneza kichupa kibaya. Nafasi za kamera ndizo zilizokwisha.

Naweza kuelewa uamuzi huo na hata kuutetea. Kamera iliyochelewa nayo inaua: utafiti mkubwa wa Marekani wa 2017, wa watu zaidi ya 70,000 waliosoma chanya, ulionyesha kuwa waliopata kamera baada ya miezi kumi au zaidi walikutwa na saratani zaidi, na iliyosonga mbele zaidi, kuliko waliowahi. Katika mkoa wa Veneto, Italia, waliosoma chanya wakakataa kamera walikufa kwa saratani hiyo kwa kiwango cha mara mbili ya waliokubali. Bora mstari ulio juu wenye kamera ya wiki ijayo kuliko mstari wa chini wenye kamera ya mwakani. Ninachokataa ni kumwambia mtu aliyesoma maikrogramu 46 kwamba kipimo "hakikuona kitu". Kiliona. Tuliamua sisi kutokuangalia.

Kwa atakayesema labda tatizo ni kampuni, kwamba kuna vifaa bora na hafifu, Wajerumani walishalijibu. Walichukua vipimo tisa vya kutoa namba, vya watengenezaji tofauti, wakavitumia kwa sampuli za watu wale wale. Kwa mistari iliyowekwa na viwanda, kimoja kilikamata asilimia 22 hivi ya saratani na vinyama vya hatari, kingine asilimia 46. Pengo la mara mbili. Kisha wakaisogeza mistari yote ili kila kipimo kiwaite wazima kwa kiwango sawa, na vile tisa vikawa karibu havitofautiani. Ubora uliodhaniwa kuwa wa kiwanda ulikuwa wa mstari.

Kinachoziba pengo kwa kiasi kikubwa ni kurudia. Kinyama kinachokua polepole hupewa nafasi nyingi za kuvuja siku ya kupimwa. Japani, wanaotumia kipimo cha kingamwili kitaifa tangu 1992, hupima kila mwaka kuanzia miaka 40, na kwa choo cha siku mbili. Hata hivyo kurudia si dawa ya yote. Kuna vinyama bapa, hasa upande wa kulia wa utumbo mpana, ambavyo havivuji leo na havitavuja mwakani, na kichupa kitavikosa kila mara. Anayeahidi kwamba ukipima mara tano umekamilisha hesabu anadhani makosa ya kipimo hutokea kama kurusha shilingi. Hayatokei hivyo.

Nimekaa kwenye mifano ya Ulaya muda mrefu makusudi, kwa sababu kipimo hiki sasa kinauzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ndani ya vifurushi vya kupima afya, kati ya sukari na kolesteroli, kana kwamba matokeo ya Nottingham yalisafiri pamoja na kifaa.

Kwanza, kinachouzwa mara nyingi si kile kinachotoa namba. Ni kile kibamba cha mistari miwili, ndugu wa kipimo cha mimba na cha malaria. Kina mstari wake wa kukata uliofichwa ndani, uliowekwa na kiwanda, na mara nyingi hauandikwi kwenye karatasi ya majibu. Wajerumani hao hao waliwahi kulinganisha vibamba sita vya namna hiyo kwa watu wale wale, na majibu yakatofautiana vibaya sana. Mteja wa Kariakoo hana njia ya kujua amepimwa kwa kipi.

Pili, joto. Florence, Italia, walipitia vipimo karibu 200,000 wakakuta kuwa majira ya kiangazi uwezekano wa kusoma chanya ulikuwa pungufu kwa asilimia 17 kuliko majira ya baridi, na kila nyuzi moja ya joto ilipunguza uwezekano huo kwa asilimia 0.7. Hemoglobini huvunjika kwenye joto, na kingamwili haiitambui tena. Watengenezaji wameboresha maji ya kuhifadhia tangu hapo. Bado, kichupa kilichokaa kwenye mkoba Dar es Salaam mwezi Februari, kikapanda bodaboda, kikasubiri kaunta hadi mchana, kimepitia kiangazi cha Florence na zaidi. Ndugu zetu walioko Muscat wafikirie Julai yao. Na kosa hilo huenda upande mbaya: halimwiti mzima, linamwacha mgonjwa.

Tatu, na hili naona halizungumzwi kabisa, damu ya utumbo mpana kwetu ina wenyewe wengi. Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi Homa Bay upande wa Kenya, kichocho cha utumbo kipo kwa watu wengi, na mayai yake hutoboa ukuta wa utumbo yakitafuta njia ya kutoka. Hiyo ni damu ya binadamu, inatoka utumbo mpana, na kingamwili itaisoma kwa usahihi kamili. Ongeza amiba, ongeza bawasiri. Minyoo ya safura ina afadhali kidogo, kwa kuwa hunyonya juu kwenye utumbo mwembamba na damu yake humeng'enywa. Kipimo hakijakosea hata kidogo hapo. Kimejibu swali la damu, wakati sisi tuliuliza la saratani.

Halafu kuna wingi wa ugonjwa wenyewe. Saratani ya utumbo mpana inaongezeka Afrika Mashariki, lakini bado ni chache mno ukilinganisha na Uholanzi au Uingereza. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika watu 10,000 wasio na dalili kwetu wapo 10 wenye saratani, badala ya 65 wa ule utafiti wa Marekani. Kipimo kile kile, chenye makali yale yale, kitawakamata saba na kuwaita wazima kama 600. Kati ya kila watu 85 hivi walioitwa, mmoja ndiye mwenye saratani. Hao 600 watakwenda wapi? Kamera za utumbo mpana ziko kwenye hospitali kubwa za rufaa na hospitali binafsi za mijini, na wataalamu wanaozitumia wanahesabika. Uholanzi, tajiri kama ilivyo, ilizidiwa kwa miezi sita.

Kwa hiyo sipendekezi mpango wa taifa wa kupima choo kwa Tanzania au Kenya kwa sasa, na najua wapo madaktari watakaonikasirikia. Fedha hizo ningezipeleka kwenye kamera, na kwenye kuwafundisha wauguzi na madaktari wa wilayani kumtambua mwenye dalili. Wagonjwa wetu wengi hufika hatua za mwisho, na wengi wao hawajatimiza hata miaka 50, umri ambao mipango mingi ya Ulaya ndiyo kwanza inaanza kumtumia mtu bahasha. Mtu wa miaka 38 anayetoa damu na kukonda hufukuzia bawasiri mwaka mzima, dawa za kupaka na mizizi. Yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Na kwa mtu kama huyo mstari ni mwingine kabisa. Uingereza, taasisi ya NICE ilielekeza mwaka 2023 kwamba mwenye dalili apimwe kwa kipimo hiki hiki cha kingamwili, lakini akifikia 10 tu apelekwe hospitali haraka. Kumi, wakati asiye na dalili alikuwa anasubiri 120. Na hata akiwa chini ya 10, daktari hafungi faili iwapo dalili zinaendelea. Kibamba cha kifurushi cha afya hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mwenye dalili akisomewa "hasi" kwenye kaunta anapewa ruhusa ya kukaa nyumbani miezi mingine sita.

Maabara zitaendelea kuuza, na mwenye miaka 55 na fedha yake asizuiwe kununua. Ila kama ananunua, alipie mashine inayotoa namba, arudie kila mwaka au miwili, na asikubali kurudiwa kipimo pale kilipotoka chanya, mchezo ambao naona unazoeleka: cha pili kikisoma hasi watu wanashangilia, ingawa uvimbe unaovuja leo na kukauka kesho hufanya hivyo hivyo. Na adai karatasi ya majibu ioneshe vitu vitatu: namba yake, mstari waliotumia, na jina la hospitali yenye kamera watakayompeleka akivuka, pamoja na bei ya kamera hiyo. Maabara isiyoweza kujaza nafasi hiyo ya tatu haijawa tayari kuuza ya kwanza.